Mkanda wa Kiunoni, Shuka la Kutelezea na Kisanduku cha Sindano: Tathmini ya Vifaa vya Mhudumu wa Wagonjwa Nyumbani

Seti ninayoitathmini hapa niliinunua katika duka moja la vifaa tiba huko Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 110,000, na nimeitumia kwa miezi 14 katika nyumba tatu: moja ya Tabata, moja ya Magomeni na moja ya Mbezi. Ndani ya mfuko wake wa turubai mlikuwa na mkanda wa kumshikia mgonjwa, shuka la kutelezea, kisanduku cha njano cha kutupia sindano na pakiti moja ya glavu za buluu. Dukani seti hiyo inauzwa kwa jina la vifaa vya kumtunza mgonjwa nyumbani, na jina hilo ni la haki, lakini mimi niliinunua kwa sababu ambayo haikuandikwa popote kwenye mfuko, nayo ni kuulinda mgongo wangu na mikono yangu. Kwa hiyo nitakachokipima ni jinsi kila kifaa kinavyomlinda anayehudumia, tena akiwa nyumbani kwa watu, mbele ya kitanda ambacho fundi seremala hakukitengeneza akimfikiria mgonjwa.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa. Wengi wa wagonjwa wangu ni wazee waliopata kiharusi wakapooza upande mmoja, wengine ni watu wa kisukari waliokatwa mguu, na wachache ni wale wanaorudi kutoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Hospitalini mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa na watu wawili au watatu, kitanda hupandishwa na kushushwa kwa mpini, na kila upande una nafasi ya kusimama. Nyumbani niko peke yangu. Kitanda ni cha mninga, sita kwa sita, kimesukumwa hadi ukutani ili chumba kipate nafasi, na godoro la sponji limebonyea katikati kwa sababu mzee amelala mahali pamoja kwa miezi minane. Ili nimfikie inanibidi nipige goti moja juu ya godoro, niiname, nipitishe mikono chini ya makwapa yake, kisha nimvute kuelekea kwenye mto. Ndivyo alivyonifundisha dada aliyenitangulia katika kazi, na ndivyo naye alivyofundishwa.

Katika mwaka wangu wa sita, asubuhi moja nikiwa katika mkao huohuo, nilisikia kitu kama uzi unaokatika upande wa kushoto wa kiuno, na maumivu yakashuka kwenye paja hadi nyuma ya goti. Nilimaliza kumvalisha mzee kwa sababu sikuweza kumwacha uchi, nikatoka nikiwa nimeshika ukuta, na sikurudi kazini kwa wiki tano. Wakala aliyekuwa ameniajiri alipeleka mtu mwingine siku ileile, na malipo yangu yakasimama. Mtu aliyepelekwa badala yangu hakupewa kifaa chochote wala hakuambiwa kilichonipata, na hilo linaniuma hadi leo kuliko hata yale malipo.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kilichoniangusha hakikuwa udhaifu wangu. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, ilitengeneza kanuni ya kukadiria uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua kazini bila kuhatarisha mgongo, na mwaka 2007 mtafiti wake Thomas Waters aliitumia kanuni hiyo kwa kazi ya kuhudumia wagonjwa, akafikia kiwango cha juu cha ratili 35, yaani takriban kilo 16, tena pale tu mambo yote yanapokuwa mazuri: mgonjwa ni mtulivu, uko karibu naye na mgongo wako haujajipinda. Mguu mmoja wa mtu mzima una uzito wa karibu asilimia 16 ya mwili wake. Kwa mzee wa kilo 90, kuushika mguu wake mmoja tu wakati wa kumwosha ni kubeba zaidi ya kilo 14, nawe umeinama. Kumvuta mzima mzima kwa kumshika makwapa ni jambo ambalo hakuna mgongo wa mwanadamu uliolala vizuri ukaamka tayari kulifanya mara sita kwa siku.

Nianze na shuka la kutelezea, kwa sababu ndicho kifaa bora kuliko vyote katika seti hii. Kwa macho ni kitu cha kudharaulika: kipande cha nailoni nyembamba yenye ulaini kama wa mafuta, kilichoshonwa kikawa kama mfuko ulio wazi ncha zote mbili, chenye upana wa kutosha kulala chini ya mabega na makalio. Tabaka la chini linashika godoro, tabaka la juu linashika mwili wa mgonjwa, na hayo mawili yanateleza moja juu ya jingine. Mara ya kwanza nilipolijaribu, kwa mzee wa Tabata, nilijiandaa kuvuta kwa nguvu niliyoizoea, na kidogo nimgongeshe kichwa kwenye ubao wa kitanda. Alisogea kama mtumbwi unaposukumwa majini. Nilisimama nikamwomba radhi, naye akaniangalia kwa muda kabla ya kusema kwa ule ulimi wake mzito wa baada ya kiharusi, "Mwanangu, leo hujaniburuta."

Neno lake lilinifundisha jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote hiyo. Unapomvuta mgonjwa juu ya shuka la pamba, ngozi yake hubaki nyuma huku mfupa ukisonga mbele, na mvutano huo, ukirudiwa kila siku penye kifandugu na visiginoni, ni mojawapo ya sababu za vidonda vya kulalia. Kwa hiyo nguvu iliyokuwa ikiumiza kiuno changu ndiyo hiyo iliyokuwa ikimchuna yeye. Ninaposisitiza kwamba shuka hili linamlinda mhudumu simaanishi kwamba linamlinda dhidi ya mgonjwa. Linawapunguzia wote wawili mzigo mmoja.

Kuliweka kunahitaji utaratibu. Ninamgeuza mgonjwa kwa ubavu upande wake wenye nguvu, ninalisokota shuka hadi nusu yake, ninausukuma ule msokoto nyuma ya mgongo wake kuanzia mabegani hadi chini ya makalio, ninamlaza tena, kisha ninaufungua msokoto kutokea upande wa pili. Baada ya hapo ninasimama mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, viwiko vikiwa karibu na mbavu, ninamwomba akunje goti lake zima ili anisaidie kusukuma, ninahesabu moja hadi tatu kwa sauti, na ninavuta kwa kuuhamisha uzito wangu kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma. Mikono hainyanyui chochote. Atakayelitumia shuka hili huku bado ananyanyua atakuwa amelipa fedha yake bure.

Hapo sasa ndipo nyumba zetu zinapokigomea kifaa. Upande wa pili nilioutaja haupo pale kitanda kinapogusa ukuta, na huwezi kuufungua msokoto usioufikia. Huko Tabata ilitulazimu kukivuta kitanda nusu mita kutoka ukutani, na kwa kuwa kitanda cha mninga hakisogezwi na mtu mmoja, kijana wa nyumba hiyo alikata vipande vya zulia la zamani akaviweka chini ya miguu yake minne ili kiteleze juu ya vigae. Kimo nacho ni tatizo. Kitanda kikiwa chini ya magoti yako, hata shuka liwe laini namna gani, kiuno kinabaki kimeinama. Familia nyingi huinua kitanda kwa matofali, na mimi nimewahi kukubali jambo hilo, lakini tofali moja moja lililosimamishwa huyumba kitanda kinaposukumwa. Ni afadhali fundi akatengeneza vigogo vinne vyenye shimo la kuingiza mguu wa kitanda, kazi ambayo huko Magomeni ilimchukua fundi wa mtaani nusu siku. Na godoro lililobonyea linalimeza shuka pale katikati, mgonjwa akabaki shimoni. Kabla ya kununua shuka hili lipindue godoro, au libadilishe.

Lipo pia suala la mtu wa pili. Kumsogeza mgonjwa kuelekea kwenye mto ni kazi ya watu wawili hata kwa shuka hili, isipokuwa kama mgonjwa ni mwepesi na anaweza kujisukuma. Katika nyumba nyingi mtu huyo wa pili huwa ni dada wa kazi, binti ambaye ameamka saa kumi na moja alfajiri, amefua, amepika chai, kisha anaitwa, "Njoo umshike babu upande huu." Yeye hajafundishwa, hajaajiriwa kwa kazi hiyo, na kiuno chake ni kiuno kama changu. Nilipolileta shuka hili nilimfundisha yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, nikamweka alale kitandani mwenyewe ili ahisi jinsi linavyoteleza, na nashauri kila mhudumu afanye hivyo. Familia inayomwomba dada msaada huo inapaswa kumtambua kuwa naye anafanya kazi ya kuhudumia mgonjwa, na kumlipa ipasavyo.

Shuka lina hatari zake mbili, na maelezo yaliyokuja nalo hayakutaja hata moja. Kwanza, halipaswi kuachwa chini ya mgonjwa. Kitanda cha nyumbani hakina vizuizi pembeni, na mtu aliyelala juu ya kitu kinachoteleza anaweza kujikuta sakafuni kwa kukohoa tu. Ukimaliza, livute litoke kwa kulikunja tabaka la chini kuelekea kwako. Pili, likianguka sakafuni juu ya vigae na wewe ukalikanyaga, utaanguka kabla hujajua ulichokikanyaga. Mimi lilinikosa kidogo. Tangu siku hiyo ninalitundika msumarini mara tu ninapolitoa, hata kama nitalihitaji tena baada ya dakika tano.

Linafulika kwa sabuni ya kawaida kwenye beseni na kukauka upesi, lakini lisianikwe kwenye jua kali, kwa sababu jua linaila nailoni, wala lisipigwe pasi. Maji ya kulainishia nguo nayo yasitiwe. La kwangu lilianza kupoteza utelezi wake mwezi wa kumi na moja, na mshono wa upande mmoja ukaanza kuachia. Kwa kifaa kinachotumika mara tano au sita kila siku sioni kwamba huo ni umri mfupi, ila muuzaji alitakiwa kusema kwamba mshono ni wa kukaguliwa kila unapofuliwa.

Mkanda wa kiunoni ni kifaa kizuri ambacho kimeharibiwa jina na wanaokiuza. Nilipokuwa naununua, kijana wa dukani aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba mkanda huo "unamnyanyua mgonjwa hata wa kilo 120". Haumnyanyui mtu yeyote. Mkanda huo haukuundwa kubeba uzito wa mgonjwa. Uliundwa kumpa mhudumu mahali imara pa kushika, ili asimshike mgonjwa kwa mkono uliopooza, kwa kwapa au kwa suruali. Anayeuamini kama winchi ataumia mgongo kama zamani, na pengine zaidi, kwa kuwa atathubutu kunyanyua watu ambao zamani asingewathubutu.

Kabla ya kuwa nao nilitumia kanga iliyosokotwa na kufungwa kiunoni mwa mgonjwa, kama wafanyavyo wengi. Kanga hupanda. Mgonjwa anapoinuka inateleza hadi mbavuni, fundo linamkandamiza, naye anaogopa na kukurudisha chini pamoja naye. Mkanda huu una upana wa sentimita kama 10, umejazwa sponji, na una mishikio ya wima na ya mlalo pande zote, kiasi kwamba ninaweza kuingiza mkono kutokea chini na kumshika kwa uthabiti. Ninaufunga juu ya nguo, kiunoni, nikiacha nafasi ya vidole viwili. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, anainama mbele hadi kichwa chake kivuke magoti, goti langu linalizuia goti lake dhaifu lisikunjike, naye anajisukuma kwa mkono wake mzima. Akishindwa kujisukuma kabisa, basi mkanda si kifaa chake, na hapo familia inatakiwa kufikiria winchi ya kubebea wagonjwa au watu zaidi.

Wapo wagonjwa ambao haufai kufungwa kwao: aliyepasuliwa tumbo siku za karibuni, mwenye tundu la choo tumboni au mpira wa kulishia uliopitishwa tumboni, aliyevunjika mbavu, mama mjamzito. Karatasi iliyokuja na mkanda ilikuwa na picha nne na maneno ya Kiingereza yasiyozidi mistari mitatu, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotajwa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona katika seti hii. Kifaa kinachouzwa Kariakoo kitashikwa na watu wanaosoma Kiswahili, na ukurasa mmoja wa Kiswahili ungemgharimu mwagizaji fedha kidogo sana kuliko bizimu za plastiki alizozibandikia jina lake.

Kuhusu bizimu hizo, ni za aina ya zile za mikoba ya shule. Ya kwangu haijavunjika, lakini mwezi wa tisa ilianza kuteleza pole pole kila mgonjwa alipoegemea nyuma, na tangu hapo ninaifunga kisha ninauvuta mkanda kwa nguvu ili nihakikishe imeshika. Ningekuwa na hiari ningechagua wenye bizimu ya chuma.

Thamani ya mkanda niliiona siku mgonjwa alipoanguka. Huko Magomeni, mama mmoja mnene niliyekuwa nikimpeleka bafuni alilegea miguu ghafla mlangoni. Miaka ya nyuma ningemkumbatia kwa nguvu zangu zote ili asiguse chini, na tungeanguka sote. Nilivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni kwamba mgonjwa anayeanguka hazuiwi, anashushwa. Niliushika mkanda kwa mikono miwili, nikamvuta karibu nami, nikatanguliza mguu mmoja, akateleza juu ya paja langu hadi akakaa sakafuni, kichwa chake kikiwa kifuani kwangu. Alitetemeka sana. "Umeniacha nianguke?" akauliza. Nikamjibu, "Hapana mama, nimekukalisha. Tupumzike hapa kwanza." Tulikaa chini pamoja tukisubiri wanawe wawili waje tusaidiane kumpandisha kwenye kiti, naye hakuwa na jeraha lolote, na mimi pia sikuwa na jeraha lolote.

Kisanduku cha sindano sitakitumia kurasa nyingi, ingawa hatari inayokihusu ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Huko Mbezi nilimhudumia bibi mwenye kisukari aliyekuwa akidungwa insulini na wakwe zake. Asubuhi moja nikikunja kanga alizolalia nilihisi mchomo kwenye kidole cha kati, na nilipofungua kulikuwa na sindano isiyo na kifuniko. Niliosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukiminya, nikaenda hospitalini kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kila mhudumu ajue hili kwa moyo: dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72, kisha zinamezwa kwa siku 28. Bibi alikubali kupimwa, majibu yake yakawa mazuri, na mimi nikarudi kazini kesho yake nikiwa na usingizi wa nusu usiku.

Hatari ya kuambukizwa VVU kwa mchomo mmoja wa sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo ni takriban watu 3 kwa kila 1,000. Ya homa ya ini aina ya B ni kubwa zaidi, na kwa mtu ambaye hajachanjwa inaweza kufikia watu 30 kwa kila 100. Chanjo yake ipo, ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na sielewi ni kwa nini wakala anampeleka mtu kazini bila kumwuliza kwanza kama amechanjwa. Glavu hazizuii sindano. Glavu za nitraili zilizomo katika seti ni imara na haziwashi ngozi kama zile za mpira wa kawaida zinavyowawasha baadhi ya watu, lakini pakiti ina pea 50 tu, na kwa wastani wangu wa pea sita kwa siku ilikwisha kabla ya siku tisa kutimia.

Kisanduku chenyewe ni cha karatasi ngumu, cha lita 5, kilekile tunachokiona katika kliniki za chanjo. Kliniki ni kukavu na kuna muuguzi wa kukitazama. Nyumbani kiliwekwa karibu na bafu, kitako kikalowa na kulegea, na nikakiondoa kabla sindano haijatokeza. Dumu gumu la plastiki lenye kifuniko cha kusokota, lililoandikwa kwa herufi kubwa na kuwekwa juu ya kabati watoto wasikokufikia, linafaa zaidi. Lisijazwe zaidi ya robo tatu. Sindano isirudishiwe kifuniko chake. Aliyedunga ndiye aitumbukize mwenyewe, palepale. Kuhusu pa kulipeleka likijaa, kaulize mapema kwenye kituo cha afya chenye kichomea taka, kwa sababu jaa la mtaani lina watoto wanaookota chupa.

Seti haina dawa ya kutakasia, na pengine ni vema haina, kwa kuwa jiki ipo kila duka. Ile yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili kusafisha mahali palipomwagika damu. Usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, na usiimwage juu ya mkojo mwingi katika chumba kisicho na dirisha wazi, kwani hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

Vipo vitu ambavyo mfuko huu hauwezi kuvizuia. Hauzuii teke la mzee aliyepoteza kumbukumbu ambaye ananiona kama mwizi chumbani kwake, wala mkono wa mwanamume wa nyumba anayesahau kwamba niko kazini, wala safari ya kurudi saa tatu usiku kutoka kituo cha daladala. Kwa hayo dawa ni wakala mwenye simu inayopokelewa na mwenye uamuzi wa kumwondoa mfanyakazi katika nyumba isiyo salama bila kumkata malipo.

Na hapa nirudi kwenye zile shilingi 110,000. Nilizitoa mfukoni mwangu, na hazikupaswa kutoka huko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaweka wajibu wa usalama wa mfanyakazi juu ya mwajiri. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema wazi kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya mazingira salama na yenye afya ya kufanyia kazi. Aidha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, nao ndio unaopaswa kubeba matibabu na kipato cha anayeumia kazini. Wakati kiuno changu kinaumia sikujua kuwa mfuko huo upo. Sasa ninapoitwa na wakala mpya swali langu la kwanza si mshahara; ninauliza kama ameniandikisha na kuomba nioneshwe. Mmoja alikata simu. Mwingine alinionesha, na ndiye ninayefanya naye kazi sasa.

Kwa familia yenye fedha ya kitu kimoja tu, ninashauri shuka la kutelezea, na kama shuka lenyewe ni ghali, basi kwanza kivute kitanda kutoka ukutani na ukiinue kwa vigogo, kwa sababu hayo mawili yatamsaidia mhudumu hata kabla hajashika kifaa chochote. Mkanda ununuliwe pale mgonjwa anapoweza kusimama kwa msaada, na mtu afundishwe kuutumia na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hata kwa saa moja. Kisanduku cha karatasi kiachwe dukani. Duka lenyewe nalipa alama nzuri kwa ubora wa shuka na glavu, na alama mbaya kwa maelezo ya mdomo ya muuzaji, ambayo yangeweza kumvunja mtu mgongo.

Shuka langu la kwanza nimeliondoa kazini mwezi uliopita, mshono ukiwa umeachia kwa urefu wa kiganja. La pili limenunuliwa na binti wa mzee wa Tabata kwa fedha yake mwenyewe, baada ya kuniomba alale juu yake alijaribu, na limetundikwa kwenye msumari wa chumba kile. Nikiondoka mimi, litabaki hapo kwa atakayekuja.